Fundi Alisema Isizimwe

Mvua ilikuwa bado inatiririka kwenye bati siku mwanamke nisiyemfahamu alipoingia dukani kwangu, mtaa wa Kashaulili mjini Mpanda, amekumbatia mzigo mpana kuliko kifua chake. Yeye alikuwa amelowa mpaka nywele. Mzigo ulikuwa mkavu, umefungwa ndani ya blanketi la kijivu lenye mistari myekundu, na juu yake nailoni. Hakusalimia. Aliutua mezani juu ya simu ya mteja niliyokuwa nimeifungua, skrubu zangu zote zikatawanyika chini.

"Wewe ndiye Ubaldo wa kompyuta?"

"Ndimi, dada. Karibu."

"Nimetoka Kibaoni na basi la asubuhi. Kama huiwezi niambie sasa hivi. Basi la kurudi linaondoka saa nane."

Jirani yangu Josephat, anayeuza kava za simu kwenye kibaraza hichohicho, alinyoosha shingo. "Anaiweza, dada. Ana cheti kimetundikwa ukutani, tena kina fremu."

Cheti kweli kilikuwepo. Shahada ya teknolojia ya habari, ya mwaka juzi. Nilikitundika siku nilipofungua duka nikiamini watu wataingia na kompyuta. Wakawa wanaingia na chaja.

Mwanamke alifungua blanketi. Ndani kulikuwa na kompyuta ya mezani, mpya kabisa, kasha jeusi ambalo ubavu wake mmoja ni kioo kitupu. Kioo kilikuwa safi kiasi kwamba niliona sura yangu, na nyuma ya sura yangu feni tatu na kadi ya grafiksi nene kama tofali. Tangu nimalize chuo sikuwa nimeshika mashine ya namna ile. Nilifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuigusa.

Aliitwa Nyamizi Masunga. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi na sendofu, kuanzia Kibaoni mpaka vijiji vya huko ndani, na kompyuta aliinunua Dar es Salaam mwezi uliopita. Aliyemuuzia alikuwa hapokei simu tena.

"Nikiwa naediti haina shida," alisema. "Shida ni kurenda, pale inapounganisha vipande vyote viwe video moja. Inakwenda nusu saa, saa nzima, halafu skrini inakuwa nyeusi ghafla. Feni zinapiga kelele kama ndege inataka kuruka. Bonyeza unachotaka, haisikii. Mpaka uchomoe waya."

"Inatokea kila siku?"

"Ingekuwa kila siku ningejua moja. Leo inakubali, kesho inagoma."

Nikamuuliza video yenyewe ni ya nani. Hapo ndipo alipokaa kwenye stuli kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa sendofu ya mdogo wake, Agape, sherehe ya kumuaga kabla ya kuolewa. Siku ile baba yao, Mzee Masunga, alisimama akaongea dakika tisa. Mzee huyo hakuwa mtu wa maneno, hata kuagana aliagana kwa kuinua kidole. Siku hiyo aliongea, watu wakaacha kula. Wiki mbili baadaye akafariki kwa presha. Bibi yao, mama yake Mzee Masunga, alikuwa kitandani anaumwa malaria siku ya sendofu. Hakuhudhuria, na mpaka leo hajui mwanawe alisema nini.

"Arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo," alisema Nyamizi. "Agape anakuja na mume wake kutoka Kigoma. Nimemwambia bibi siku hiyo atamwona baba anaongea, ukutani, mkubwa. Sitaki amwone kwenye kioo cha kamera kama kiberiti, na mle sauti ni ya jenereta tupu. Sauti ya baba niliirekodi pembeni. Bila kurenda hakuna kitu."

Nikamwambia nitaitengeneza. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye cheti ukutani.

Nikachukua daftari nikamuuliza maswali kumi na manne. Inazima ukiwa umefungua programu gani? Umeongeza kifaa chochote? Umeiweka wapi? Mezani, karibu na dirisha, akasema, hewa inapita vizuri. Kuna vumbi? Anafuta kila asubuhi. Kuna kitu kinabadilika kabla haijazima? Akafikiri kwa haki kabisa. "Hakuna," akasema. "Kila kitu kinakuwa vilevile."

Niliichomoa kadi, nikasafisha meno yake, nikairudisha mpaka ikalia tiki. Niliondoa draiva ya zamani, ile programu inayoiendesha kadi, nikaweka mpya, nikabadilisha hata waya wa skrini. Kisha nikairendesha video ya majaribio kuanzia saa tano mpaka saa saba na nusu. Joto la kadi lilikaa nyuzi sabini na moja, sabini na mbili. Skrini haikupepesa.

"Inakuogopa," alisema Nyamizi.

"Imepona, dada. Ila usiizime katikati ya kurenda. Kurenda kukikatika ndiko kunakoharibu faili. Hata wingu likija, iache. UPS unayo, ile betri ya akiba, italinda."

"Hata radi?"

"Hata radi."

Alilifunga kasha lake ndani ya blanketi, akalifunga vizuri kama anayembeba mtoto mgonjwa, akakimbilia basi. Mimi siku hiyo nilikula wali kuku.

Siku ya nne alirudi. Blanketi lilelile, nailoni ileile, uso wa mtu ambaye hajalala.

"Ilirenda Jumamosi asubuhi kipande kizima, nikashangilia. Mchana ikafa. Jumapili ikafa. Jana ikafa mara mbili."

Josephat alicheka mpaka akashika ukuta. "Ubaldo, injinia wa giza."

Nikaandika saa alizonitajia. Saa tisa. Saa nane na nusu. Saa nane. Saa kumi kasoro. Zote za mchana, nikapiga meza kwa furaha, kwa sababu nilidhani nimeliona tatizo. Kibaoni kuna mashine za kukoboa mpunga, na mchana ndipo zinapofanya kazi. Umeme unashuka, kadi inakosa nguvu, skrini inakufa. Nilimpa stebilaiza yangu ya dukani, ya kutuliza umeme. Kwa usalama zaidi nikaifungua pawa saplai yake nikaweka ya kwangu, nzito zaidi, iliyokuwa kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Tukairendesha. Saa tatu nzima ikaimba kama kawaida yake, nyuzi sabini na moja.

Ningekuwa mwerevu, siku ile ningeweka programu inayoandika joto kila dakika hata nikiwa sipo. Sikuiweka. Joto nilishalifuta kwenye orodha, kwa kalamu nyekundu.

Nilimwambia aiache kwangu aje airendie hapa. Alitikisa kichwa. Kazi ilikuwa haijaisha, kila usiku anaongeza kipande, na nyumbani hakuna wa kubaki na bibi. Kila safari ya Mpanda anamwacha kwa jirani, na bibi siku hiyo anagoma kula.

Niliangalia mikono yake. Kamba ya nailoni ilikuwa imemchora mistari viganjani.

"Sikiliza, dada Nyamizi. Ikizima tena, hutaibeba. Nitakuja mwenyewe Kibaoni."

Josephat akakohoa kule nje.

Alinipigia Jumatano, saa tisa na robo. Hakusema hujambo wala habari za kazi. Alisema, "Imezima," na nyuma ya sauti yake nikasikia mvua.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimebadilisha karibu kila kitu kinachobadilishika. Nilikuwa nimesoma majukwaa ya watu wa nchi za mbali, wote wenye skrini nyeusi, kila mmoja ana dawa yake na hakuna dawa inayofanana na nyingine. Nilianza kufikiri kwamba labda walimu wangu walinionea huruma kwenye mitihani.

Halafu kulikuwa na suala la Ijumaa. Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa na usaili. Shule moja ya sekondari ya binafsi hapo mjini ilitaka mwalimu wa kompyuta, na baada ya barua ishirini na tatu nilizoandika kwa miaka miwili, hiyo ndiyo ya kwanza iliyojibiwa. Mwalimu mkuu, Apollinarie, alinipigia mwenyewe. Alisema tuko watatu, na kwamba anapenda watu wanaowahi.

Nikapiga hesabu ya safari. Alhamisi naenda na basi la asubuhi, naangalia mashine, narudi na basi la mwisho linalopita Kibaoni saa kumi jioni. Ijumaa naamka Mpanda. Inatosha.

Basi lilipita Sitalike, likaingia hifadhini. Mbung'o waliingia madirishani, abiria wakawa wanajipiga mashavu kama wanaojikumbusha kitu. Mimi nilishika begi la vifaa mapajani nikirudia orodha yangu kichwani. Kadi, waya, draiva, umeme. Kadi, waya, draiva, umeme.

Nyumba ya akina Nyamizi ilikuwa nyuma ya soko, ya tofali za kuchoma, uwanja umefagiwa. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni anachambua mchele, mwembamba, macho makali. Aliitwa Bibi Kabula.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, bibi."

"Nilidhani utakuwa mnene. Mjukuu wangu anavyokusifia kwenye simu nikajua ni mtu mwenye tumbo." Akapepeta ungo. "Kabila gani?"

"Mfipa."

"Ahaa," akasema, kama mtu aliyepata jibu la jambo lingine kabisa.

Chumba cha kazi kilikuwa kama Nyamizi alivyoeleza. Meza, dirisha, hewa. Kasha lilikuwa pembeni mwa skrini, kioo kimefutwa mpaka kinang'aa, pande zote wazi. Nilipima umeme. Nilingoja mashine ya kukobolea mpunga ya jirani iwashwe, ikawashwa, nikapima tena. Stebilaiza ilikuwa inafanya kazi yake, umeme haukushuka hata kidogo. Lile tatizo la umeme nililolipigia meza halikuwepo.

Saa nne na nusu Nyamizi alianza kurenda video yenyewe, maana sasa ilikuwa imekamilika. Saa tatu na dakika kumi, kompyuta ilisema. Tukakaa tunaiangalia. Saa tano. Saa sita. Nyuzi sabini na mbili. Asilimia hamsini na mbili. Nilianza kuichukia kwa sababu ilikuwa nzima.

"Inakuogopa tu," alisema Nyamizi, lakini safari hii haukuwa mzaha.

Saa saba kasoro aliniita nikale. Ugali na kuku vilikuwa vimeandaliwa jikoni nyuma ya nyumba, na si heshima kumwacha mwenyeji na chakula. Tulinawa. Nilikuwa nimekula matonge matatu wingu lilipoziba jua, upepo ukainua majani ya mahindi, na radi ikanguruma mbali, upande wa bonde la Rukwa. Jirani akaita watoto wake. Mtu fulani akakimbia kuanua nguo. Sisi tukaendelea kula. Kilikuwa kipindi cha masika, na mchana wa masika ndivyo ulivyo.

Kisha kutoka ndani ya nyumba nikasikia feni. Kelele ile ile aliyonielezea siku ya kwanza, kama ndege inataka kuruka.

Tulikimbia na mikono yenye ugali. Skrini ilikuwa nyeusi. Na pembeni ya skrini, pale lilipokuwa kasha la kompyuta, kulikuwa na blanketi la kijivu lenye mistari myekundu, limekunjwa mara mbili, limefunika kuanzia juu mpaka mezani, na pembe zake zimechomekwa chini ili upepo usilifunue. Kioo cha ukutani nacho kilikuwa kimefunikwa kanga. Sufuria mpya za kabatini zilikuwa zimegeuzwa. Bibi Kabula alikuwa anamalizia kufunga dirisha.

Nililivuta blanketi. Joto lililonipiga usoni lilikuwa la kufunua chungu.

"Nyamizi," nikasema polepole. "Hili blanketi linawekwa kila siku?"

Akaniangalia bila kuelewa. "Si kila siku. Radi ikiwepo."

"Na hukuniambia."

"Nikuambie nini? Kwani ninyi Mpanda hamfuniki vioo visiite radi?"

 Mama yangu anafunika. Mama yangu, Kashaulili, mita mia nne kutoka dukani kwangu, wingu likitanda tu anatupa shuka kwenye kabati la kioo na kugeuza trei za bati, na mimi nimekua nikimsaidia. Sijawahi kulihesabu kuwa ni jambo. Ni kama kufunga mlango mvua ikinyesha. Fundi akikuuliza kilichobadilika, hutamwambia umefunga mlango.

Kwa hiyo saa zile nilizoziandika kwenye daftari zilikuwa saa za mvua. Nilikuwa nimeziandika mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaona mashine za mpunga.

"Bibi," nikasema, na nilisikia sauti yangu inapanda. "Umeifunika kompyuta ikiwa inawaka? Inapumua kwa hizo feni. Ukiifunika inajipika."

"Usinipigie kelele."

"Samahani, bibi."

"Zamani wingu likija, Nyamizi akiwepo anaizima kwanza ndipo naifunika; asipokuwepo naifunika tu, kuizima sijui," alisema Bibi Kabula. "Nyamizi akarudi kutoka kwako akaniambia, fundi amesema isizimwe hata radi ikija. Nikasema haya, fundi amesoma. Hatukuizima. Ulisema pia isifunikwe?"

"Hapana."

"Basi."

Hakuwa ananishinda. Alikuwa ananieleza tu. Walinitii, wote wawili, neno kwa neno. Wiki nzima mashine ilikuwa inakufa kwa sababu ya sentensi moja niliyoisema kwa mdomo mpana, huku naangalia cheti changu. Na hata hiyo UPS, nilijua vizuri kwamba haizuii radi ikipiga. Nilisema kwa sababu lilikuwa neno zuri la kumalizia.

Nikawaambia hivyo. Niliona aibu, lakini nikawaambia.

Tuliiacha ipoe. Nilipoiwasha ikawaka safi, picha ikarudi, kadi haikuwa imeungua. Faili la video lilikuwa limevunjika, ilibidi kuanza upya kuanzia sifuri. Saa ilikuwa nane kasoro. Nje radi ilikuwa inasogea.

"Sasa tuirende bila blanketi," nikasema.

"Hapana," alisema Bibi Kabula.

"Bibi," alisema Nyamizi.

"Hapana. Nikiwa msichana, kwa akina Luhende huko Ushirombo, walisahau kioo kimoja ukutani. Kimoja tu. Mama na watoto wawili. Nyie mnaongea habari za feni." Alikuwa ameshalishika blanketi, amelikumbatia. "Hiki ni kioo. Kinawaka na taa ndani yake. Kiko karibu na dirisha. Mimi siwezi kukaa ndani ya nyumba hii nikakiangalia kiko uchi."

"Tuizime basi, tungoje kesho asubuhi," alisema Nyamizi. Lakini tulijua sote. Jana asubuhi umeme haukuwepo, usiku huu ilikuwa zamu ya Kibaoni ya mgao, na kesho kulikuwa na tangazo la kukatika tena mpaka jioni. Jumamosi asubuhi watu wanaanza kufika. Na bibi huyu huyu, aliyeshika blanketi, ndiye aliyekuwa anangojewa na yale maneno ya dakika tisa.

Nilivuta stuli nikaiweka kati ya dirisha na kasha la kompyuta. Nikakaa, mgongo kwenye dirisha, kioo kikawa kwenye kivuli changu.

"Bibi, kisionekane kutoka nje. Hilo linatosha?"

Aliniangalia. "Radi huwezi kuizuia."

"Siwezi. Naweza kukaa tu."

"Na ukichoka ukainuka?"

"Siinuki mpaka wewe uniambie."

Alilichungulia dirisha nyuma yangu. Kisha kona ya mdomo wake ikacheza. "Nyie Wafipa si mnasemwa radi ni jirani yenu? Kaa hapo. Ikija, ongea nayo kikwenu."

Nyamizi alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akabonyeza kurenda. Kompyuta ikapiga hesabu yake, ikaandika muda uliobaki. Saa tatu na dakika ishirini na mbili.

Niliangalia ile namba. Nane kasoro, jumlisha saa tatu na ushee. Kumi na moja na zaidi. Basi la saa kumi.

"Ubaldo," alisema Nyamizi. Naye alikuwa amepiga hesabu, maana nilimweleza habari za usaili njiani kutoka stendi. "Nitakaa mimi. Wewe nenda ikifika saa kumi."

"Amesema yeye," alisema Bibi Kabula, bila ukali. "Ndiye aliyesema isizimwe. Akiinuka yeye, nafunika."

Mvua ilikuja yote kwa pamoja. Radi ya kwanza ya karibu ilipopiga, nilihisi mwanga wake kwenye shingo kabla ya sauti. Bibi alifumba macho. Umeme ulicheza, UPS ikalia mara tatu, umeme ukatulia. Nyuzi sabini na mbili. Asilimia kumi na nane.

Sikuwa shujaa hata kidogo. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa na hasira na kila mtu: aliyeuza kompyuta Dar es Salaam, Josephat, mimi mwenyewe. Saa tisa na nusu nilimpigia Mwalimu Apollinarie nikamwomba kama usaili wangu ungeweza kusogezwa mpaka mchana. Aliniuliza niko wapi. Nikamwambia Kibaoni, kwenye kazi ya mteja. Akasema wenzangu wawili wote wameshathibitisha.

"Nipo Mpanda kuanzia saa nne kesho, mwalimu. Nitakuja hata hivyo."

"Njoo," alisema. "Sikuahidi kitu." Akakata.

Saa kumi na dakika tano basi lilipiga honi barabarani. Linapiga mbili fupi na moja ndefu, kila mtu wa njia hiyo anaijua. Nyamizi aliniangalia. Bibi aliniangalia pia, blanketi mapajani. Mvua ilikuwa imeshapungua, na nilijua nikikimbia sasa hivi nitalikuta bado linapakia magunia ya mchele pale mzani. Miguu yangu ilijikaza yenyewe.

Asilimia sitini na nne. Radi ikanguruma tena, nyuma yangu, si mbali. Mkono wa bibi ukashika pindo la blanketi.

Nikabaki nimekaa. Honi ikalia tena, ndefu tu, ikielekea Mpanda.

Video iliisha saa kumi na moja na dakika kumi na saba. Skrini haikupepesa. Nyamizi alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Kisha akasogeza video mbele mpaka mahali fulani, akaongeza sauti, akaigeuza skrini kumwelekea bibi.

"Si mpaka Jumamosi, mkubwa, ukutani?" nikauliza.

"Jumamosi ataangalia na watu," alisema. "Sasa aangalie peke yake."

Mzee Masunga alisimama pale kwenye hema la njano, koti limembana mabegani, ameshika maikrofoni mbali na mdomo kama asiyeiamini. Akasalimia kwa Kisukuma, akahamia Kiswahili. Alimwambia Agape kwamba yeye si mtu wa kuongea, na kwamba mama yake mzazi anaumwa, angekuwepo angeongea yeye, maana maneno yote mazuri aliyonayo ni ya mama yake. Halafu akaanza kuyataja, moja baada ya jingine.

Bibi Kabula hakulia. Alisogeza kigoda mpaka magoti yake yakagusa meza. Kuna mahali alisema, "Hilo sikusema hivyo," na mahali pengine alitikisa kichwa kukubali. Dakika tisa zikaisha. Akasema irudiwe. Ikarudiwa.

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi tangu saa kumi. Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati, tone moja moja, na jua lilikuwa limerudi kwenye matofali ya nyumba ya jirani. Muda mrefu ulikuwa umepita bila radi kusikika. Sikuinuka.

Mara ya tatu video ilipoisha, bibi aligeuka akaniona, kama aliyekuwa amesahau kuna mtu kati yake na dirisha. Akalikunja blanketi mara nne, akaliweka kitandani.

"Inuka sasa, mjukuu wangu," alisema. "Ukamalizie ugali wako."